Naombeni jembe jamani

Nimerudi huku wiki ya tatu sasa na bado saa naisoma vibaya. Naangalia simu naona saa nne, kichwa kinapiga hesabu nyumbani ni saa ngapi, afu nakumbuka nyumbani nimeshatoka. Nilijiahidi nitaandika kuhusu ile safari kabla haijafifia na leo nimepata jioni isiyo na kazi, kwa hiyo vumilieni, itakuwa ndefu na haitanyooka.

Kisa chenyewe ni kwamba wazazi wangu wametimiza miaka 50 ya ndoa. Hamsini! Mi kitu nilichokaa nacho muda mrefu kuliko vyote ni sweta moja, na hilo nalo lina tundu kwapani. Dada mkubwa alitangaza kwenye grupu la familia mwaka mzima kabla, akaweka tarehe, chini yake akaandika kwa herufi kubwa HAKUNA UDHURU, na wote tulijua anaambiwa nani. Mimi ndo mtu wa udhuru. Nina miaka tisa ughaibuni, mara ya mwisho kukanyaga nyumbani ni miaka sita iliyopita, siku nne tu, msiba wa bibi, nililia nikapanda ndege nikarudi kazini. Hapo katikati nimekosa harusi ya kaka, nimekosa mtoto wake kuzaliwa, nimekosa mama alipolazwa, maana kuna mwaka kibali kilikuwa kinashughulikiwa na ukitoka kabla hujajibiwa ni kama umejifukuza mwenyewe, kuna mwaka kazi ilibana, kuna mwaka hela haikuwepo, na kuna mwaka dunia nzima ilifunga mipaka. Sisemi niko peke yangu. Umoja wa Mataifa mwaka 2024 ulihesabu watu milioni 304 wanaoishi nje ya nchi walizozaliwa, karibu wanne katika kila mia, kwa hiyo muda huu unaosoma kuna mtu mahali anatazama harusi ya mdogo wake kwenye simu iliyoegemezwa kwenye glasi, picha inakwama, na yeye anapiga makofi peke yake chumbani.

Nianze na sanduku maana ndilo lililonitia aibu.

Mashirika mengi ya ndege sanduku moja mwisho kilo 23, na hata ukilipia ziada likipita kilo 32 hawalipokei, kuna binadamu anatakiwa kulinyanyua. Kilo 23 zinamtosha mtu wa kawaida, ila mtu anayerudi nyumbani baada ya miaka sita si mtu wa kawaida. Usiku wa kuondoka nilipanda mizani ya bafuni nimelikumbatia sanduku kama mtoto, natoa uzito wangu, natoa viatu, narudisha viatu, naondoa losheni ya shangazi, naona vibaya nairudisha. Katikati kabisa, imezungushiwa mataulo, ilikuwa zawadi ya wazazi. Wana picha moja tu ya siku ya harusi yao, nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja, kona imepasuka na kuna doa la maji begani kwa mama. Kaka aliiskani akanitumia, mi nikampelekea fundi mmoja huku anayesafisha picha za zamani, akakaa nayo mwezi mzima, akaondoa doa akarudisha kona, akaikuza mpaka ya kutundika ukutani. Ikapata fremu ya mbao na kioo. Watu wote wameniuliza kwa nini sikuibeba mkononi, jibu ni kwamba fremu haikuingia kwenye kile kibweta chao cha kupimia mizigo ya mkononi. Picha yenyewe ningeweza kuiviringisha nikaweka kwenye begi la mgongoni, fremu ningenunua nikifika, lakini akili hiyo ilikuja baadaye.

Nilibadilisha ndege njiani, muda wa kuunganisha dakika hamsini. Mi nilikimbia. Sanduku halikukimbia.

Nimesimama pale kwenye mkanda wa mizigo, watu wanachukua vyao wanaondoka, mkanda unazunguka, mwisho likabaki boksi moja limefungwa kamba halina mwenyewe, likipita mbele yangu ni kama tunasalimiana. Nisiwachoshe, ila kwa faida ya atakayefikwa: usitoke uwanjani bila kujaza fomu ya upotevu wa mzigo, wao wanaiita PIR, bila ile huna namba ya kufuatilia. Na kuna Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 ambao nchi nyingi zimeuridhia, unasema mzigo usipofika ndani ya siku 21 unahesabika umepotea na una haki ya kudai fidia, kikomo chake tangu 28 Desemba 2024 ni 1,519 kwa ile hesabu ya fedha ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) inayoitwa SDR. Ukifika umevunjika una siku 7 za kulalamika kwa maandishi, ukifika umechelewa una siku 21 kuanzia ulipoupokea. Dada wa kaunta hakuniambia hata moja kati ya haya. Aliniambia "pole," akapiga miayo.

Basi nikatokea mlangoni na begi la mgongoni, mikono inaning'inia, na ukoo mzima umesimama.

Mpwa wangu, mtoto wa kaka, ana miaka mitano na hatukuwahi kuonana ana kwa ana. Kwenye simu ni rafiki yangu kabisa, ananionyesha meno yaliyong'oka, ananiimbia. Pale uwanjani akajificha nyuma ya mama yake, akanitazama kuanzia chini, pole pole akapanda mpaka juu, afu akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa madereva wa teksi, "Kumbe shangazi ana miguu!"

Tulicheka wote, wifi alicheka mpaka akashika ukuta. Ila usiku nililiwaza lile neno. Miaka mitano mtoto amekuwa na shangazi anayeanzia mabegani.

Na simu inaficha mengi jamani. Baba naongea naye kila Jumapili, uso wake naujua, mvi zake nazijua zinapoanzia. Lakini simu inakuonyesha mtu amekaa, haikuonyeshi anavyosimama. Nyumbani kuna ngazi tatu za kupanda barazani, tatu tu, utotoni tulikuwa tunaziruka kwa mkupuo mmoja. Nikamwona baba anaweka mkono ukutani, anavuta pumzi, anapanda moja. Anavuta pumzi. Hakuna aliyeshtuka, wote walisimama wanamsubiri huku wanaendelea kupiga stori, wameshazoea. Nilipopita mimi nikaona pale ukutani anapoweka mkono rangi imechujuka, kuna alama ya kiganja nyeupe. Rangi ya ukuta haitoki kwa siku moja. Nikajiuliza mkono umegusa hapo mara ngapi na mi Jumapili zote hizo namuuliza "baba hujambo" ananijibu "sijambo kabisa, niko ngangari."

Usingizi sasa. Nyumbani wako mbele saa saba, na kuruka kuelekea mashariki ndo balaa zaidi, maana saa ya mwili ya watu wengi inapenda siku ndefu kidogo kuliko saa 24, kwa hiyo kuichelewesha ni rahisi kuliko kuiwahisha, na watu husema mwili unahitaji kama siku moja kwa kila saa moja ya tofauti. Mi nilikuwa na wiki mbili, kwa hesabu hiyo wiki ya kwanza yote niko njiani bado. Saa nane usiku nyumba nzima imelala, mwili wangu unaniambia ni saa moja jioni, ndo kwanza nimetoka kazini. Saa tatu asubuhi watu wameshafagia, wameshagombana, wameshapatana, mi mwili unasema saa nane usiku, lala. Wanaojua wanasema dawa ni mwanga wa jua, uuone kwa saa zake sio saa zozote. Mi nililala barazani na jua lote limenipiga usoni na watu wakawa wanapita wanashusha sauti, "mwacheni, amechoka, ametoka mbali."

Hapo ndo naanza kufika kwenye jambo lenyewe.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimekua nikisikia huo msemo, mama alikuwa anautumia kwa binamu zetu waliokuja likizo wakajifanya wafalme. Mi nilifika Jumatano usiku, sherehe Jumamosi. Alhamisi nikaamka (mchana, sawa, lakini niliamka) nikaenda nyuma, nikakuta wanawake wanaosha vyombo vya kuazima, sahani milima na milima. Nikakunja mikono. Wifi akanyakua dodoki kama nimeshika kisu. "Hapana wifi, kapumzike." Nikaenda kwa vijana wanapanga viti, nikashika kimoja, kijana ambaye nilimwacha anakojoa kitandani akakichukua mkononi mwangu kwa adabu zote, "Shikamoo, acha tu, utachafuka." Nikaenda kwa dada. Dada alikuwa na daftari, kila mtu jina lake na kazi yake, mpaka yule mpwa ana kazi, kukusanya vifuniko vya chupa. Nikatafuta jina langu. Nikageuza ukurasa. Halipo.

"Kazi yangu ipi?"

"Wewe umeshamaliza kazi yako," akasema bila kuinua kichwa, "hela uliyotuma ndo imelipa turubai na viti."

Alikuwa ananisifu, najua. Lakini niliondoka pale nimenyong'onyea na sikujua kwa nini, mpaka nilipokaa peke yangu. Miaka tisa mi nimekuwa hela. Simu ikilia, kama sio salamu ni hela, na sisemi kwa ubaya, ndo nilichoweza kutoa kwa umbali ule na nimetoa kwa moyo. Hata wakubwa wa dunia wanaitambua, kila tarehe 16 Juni Umoja wa Mataifa una siku ya kimataifa ya fedha ambazo watu wanatuma kwa familia zao, na kuna lengo kabisa kwamba ifikapo mwaka 2030 ada ya kutuma ishuke chini ya asilimia 3, mpaka sasa wastani wa dunia bado uko zaidi ya mara mbili ya hapo, yaani unamtumia mama ya dawa na kuna mtu katikati anakula kipande. Sawa. Lakini hela ina ubaya wake mmoja, inafika kabla yako. Ukija kufika wewe mwenyewe unakuta nafasi yako imeshajazwa na hela yako, na hela haioshi sahani, kwa hiyo na wewe hutakiwi kuosha.

Kuna jamaa mmoja niliwahi kumsoma chuoni, Alfred Schutz, mzaliwa wa Vienna, aliwakimbia Wanazi akaishia New York, mwaka 1945 aliandika kuhusu mtu anayerudi nyumbani, hasa askari waliokuwa wanatoka vitani. Alimlinganisha na mgeni. Mgeni anajua anaingia mahali asipopajua, kwa hiyo anakuja macho wazi. Anayerudi yeye anadhani anapajua, anadhani akifumba macho miguu itampeleka, ndo maana anajikwaa. Nilipoisoma wakati ule niliona ni maneno ya wasomi tu, nikajibu mtihani nikasahau. Ijumaa ile nimesimama jikoni nafungua droo ya vijiko nakuta imejaa betri na nyaya za chaja, nikamkumbuka. Vijiko vimehamia upande wa pili, tangu lini sijui. Nimevitafuta kama mwizi, na mama akaja akanipa kijiko mkononi akasema, "Si useme unachotaka, uletewe." Uletewe! Mama yangu, aliyekuwa akinipiga kibao cha mgongo nikimwambia nimeshindwa kukiona kitu kilicho mbele ya macho.

Na lugha nayo. Mlango wa chumbani ulikuwa unalia, nikaona angalau hapa pana kazi, nikamwambia kaka huu mlango unataka kufungwa upya hii... hii... neno likagoma. Nikafanya kwa mikono, kufungua kufunga. Kaka ananiangalia. "Hii chuma ya pembeni." "Bawaba?" "Eeh bawaba!" Akacheka, akawaita wengine, dada ugenini amesahau bawaba. Sijasahau bwana! Wanaosoma mambo haya wanasema lugha ya kwanza ukiijua ukubwani haifutiki, ila neno usilolitumia linachelewa kuja, na mi huku miaka tisa bawaba nimemsemea nani. Kibaya zaidi hata yale maneno ninayoyakumbuka yamechacha. Nilimwambia yule kijana wa viti msemo uliokuwa wa moto kabisa mwaka nilioondoka, akatabasamu vile ambavyo sisi tulikuwa tunamtabasamia mjomba akijaribu kuongea kijana.

Siku ya tatu ikafika na jembe sikupewa. Nilipewa gauni. Dada alinishonea linalofanana na la kwake, kwa ajili ya picha, vipimo kavitoa kwenye nguo yangu niliyoiacha kabatini. Nguo ya miaka tisa iliyopita. Tutapita haraka hapa. Zipu ilifika katikati, shangazi akashona nyuma kwa sindano nikiwa nimesimama, akaniambia nisicheke na nisikae kwa ghafla.

Wageni walialikwa mia na themanini, wakaja kama mia mbili na arobaini hivi. Baba na mama wakaingia taratibu wameshikana mkono, na watu wakadhani ni mahaba, wakapiga vigelegele, mi nilijua mkono ule ni wa ngazi. Labda ni yote mawili. Nikaelekezwa meza kuu. Dada hayupo meza kuu, yuko nyuma anaamrisha. Kaka hayupo, anapokea watu. Mi nimekaa pale na wazee wa heshima na maua mbele yangu, na emsii akashika kipaza sauti akasema tunaye hapa mgeni wetu maalumu kutoka ng'ambo, asimame tumwone. Nikasimama, kwa uangalifu kwa sababu ya ule uzi wa shangazi. Makofi. Nikakaa. Nimewahi kuwa mgeni sehemu nyingi, nimepanga foleni za wageni, nimejaza fomu kibao zenye kisanduku cha mgeni, lakini kupigiwa makofi ya ugeni na watu walioniogesha nikiwa mtoto, hiyo sikuitegemea.

Afu mvua ikaja.

Haikuanza na manyunyu, ilishuka kama mtu amemwaga ndoo. Kwenye kona turubai likaanza kukusanya maji, likafanya tumbo, tumbo likashuka mpaka karibu na vichwa vya watu, watoto wanapiga kelele za furaha, emsii anasema tusiwe na wasiwasi ni baraka, na spika zake mwenyewe anazivutia ndani. Wazee wanainuliwa na viti vyao. Mi nimesimama katikati sijui niende wapi, na kwenye ule mvurugano nikasikia sauti ya dada, ile yenyewe ya utotoni, inapasua mvua:

"We! Unashangaa nini hapo kama nguzo? Shika huo upande!"

Nikageuka nyuma kuona anamwambia nani. Hakukuwa na mtu.

Nilitupa viatu. Nikashika mti wa turubai upande mmoja, dada upande mwingine, tukasukuma lile tumbo kwa juu na maji yote yakamwagikia kwetu, uzi wa shangazi ukakatika pale pale kuanzia shingoni hadi kiunoni, mtu akanirushia shati la kaka nikavaa juu. Tukavuta, tukafunga kamba, dada ananitukana fundo langu bovu, "miaka yote hiyo hata kufunga kamba hawajakufundisha?" akalifungua akalifunga yeye. Tukabeba viti. Tukabeba masufuria wawili wawili, yale makubwa ya kuazima, mfuniko wake mmoja tu ni mzigo wa mtu mzima, nikaubeba kichwani kujikinga mvua. Wageni walihamia ndani, vyumbani, koridoni, barazani, wakala wamesimama wamebanana, na sherehe ikanoga kuliko ilivyokuwa nje, hotuba ya baba hakuna aliyeisikia yote kwa sababu ya kelele za bati. Mama alikaa kitandani kwake anapokea zawadi kama malkia.

Vyombo tuliviosha hadi saa tisa usiku. Hapo ndo saa yangu mbovu ikanifaa, wenzangu wanasinzia wamesimama na mi mwili unaniambia ni saa mbili jioni, nina nguvu kama ng'ombe. Wifi alijaribu tena kunichukulia dodoki, dada akamwambia "mwache aoshe," akaenda kulala. Nikabaki na shangazi mmoja na rundo la sufuria, tukasengenya ukoo wote kuanzia mkubwa hadi mdogo. Nilisikia mambo ambayo kwenye grupu la familia hayaandikwi. Afu nikavipanga vyombo vyote mwenyewe, vya kwetu huku, vya kuazima kule, stoo nikaifagia.

Sanduku lilifika Jumatano, siku nne baada ya sherehe, turubai limeshaondoka na nyumba imerudi kimya. Mkono wake umevunjika, kioo cha fremu kina ufa, picha nzima. Nikampa baba bila sherehe yoyote, yuko barazani peke yake na redio yake. Akaiweka magotini. Akatoa miwani, akaifuta, akavaa. Akakaa kimya mpaka nikadhani amesinzia.

"Huyu binti namjua," akasema akimwonyesha mama kwa kidole. "Huyu kijana hapa ni nani?"

"Baba, si wewe."

"Ana haraka ya nini sasa, mbona amesimama mguu mmoja mbele?"

Kweli, nikatazama, mguu mmoja uko mbele, kama anataka kuondoka kabla mpiga picha hajamaliza. Kwenye ile ndogo miguu ilikuwa haionekani kabisa kwa sababu ya mikunjo. Fundi wa huku hata sijui kama alijua amefanya nini. Baba alikataa tubadilishe kioo, akasema kikitolewa kitavunjikia mikononi, picha imetundikwa hivo hivo na ufa wake, juu kidogo ya ile alama ya kiganja.

Kuondoka sitaandika, kila mtu anajua uwanja wa ndege ulivyo. Nilirudi na kilo 23 kamili na hakuna hata kimoja nilichokwenda nacho.

Juzi usiku sasa. Nimelala, simu ikalia, saa nane usiku. Kama unaishi mbali na kwenu unajua simu ya nyumbani ya saa nane usiku inavyoufanya moyo. Bibi alikufa kwa simu ya namna hiyo. Niliona jina la dada na kabla sijagusa nilishamwona baba kwenye zile ngazi, nilishahesabu likizo iliyobaki, nilishawaza tiketi. Nikapokea sina sauti.

"Hivi mfuniko wa lile sufuria kubwa uliuweka wapi? Mwenyewe amekuja anaudai, yuko hapa mlangoni."

"Stoo," nikasema. "Nyuma ya mlango, nimeuegemeza ukutani."

Nikasikia ndala zake zinaburuzika, mlango wa stoo, chuma ikagonga sakafu.

"Haya nimeuona," akasema, akakata.